Kabla hujalipia hedifoni ya kuzima kelele, ipeleke kwenye jenereta

Juzi kijana mmoja anayesoma chuo na kupanga kule Malimbe alikuja kwenye kibanda changu hapa Mwanza, jirani na Makoroboi, na hedifoni mkononi. "Fundi, shikamoo. Hii haizimi kelele. Nimepanga karibu na baa, nikikaa kusoma muziki wote unaingia." Nikageuza boksi. Limeandikwa kwa herufi kubwa: ENC. Nikamwambia, mdogo wangu, hedifoni yako ni nzima. Aliyekuuzia hakukwambia tu inamsaidia nani.

ENC ni ya kipaza sauti cha kuongelea. Ukipiga simu ukiwa stendi ya Nyegezi, inajaribu kuchuja makelele ili uliyempigia akusikie wewe, asisikie wapiga debe. Anayefaidi ni mtu wa upande wa pili. Inayoshughulika na sikio lako ni ANC. Herufi moja tu imebadilika, na kwa herufi hiyo watu wanaliwa hela zao.

ANC inafanya hivi. Kwenye kikombe cha hedifoni kuna kipaza sauti kidogo kama punje ya mchele. Kinanasa kelele inayokuja, halafu chipu inatengeneza wimbi la kinyume chake: la kelele likipanda, hili linashuka. Yakikutana sikioni yanafutana. Wazo si la jana. Mjerumani Paul Lueg alipewa hatimiliki yake Marekani mwaka 1936, na mwaka 1989 kampuni ya Bose ikaanza kuuza hedifoni za namna hiyo kwa marubani. Leo chipu ya kazi hiyo imeshuka bei, ndiyo maana unaikuta hata kwenye vitu vya machinga.

Ila haifuti kila kelele, na hapa ndipo wengi wanapolia. Mlio wa Hz 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, una wimbi refu la kama mita tatu na nusu. Chipu ikichelewa kidogo bado inalikuta. Mlio wa Hz 3,000 wimbi lake ni sentimita 11 hivi. Ukichelewa kidogo tu limeshapita, na wimbi lako la kinyume linaweza kuongeza kelele badala ya kuipunguza. Kwa hiyo ANC inaua ngurumo zisizobadilika. Jenereta ya dizeli ya silinda nne inayozunguka mara 1,500 kwa dakika inanguruma kwenye Hz 50, hiyo ni chakula chake. Basi la usiku, feni, injini ya meli ya Bukoba, vilevile. Konda anayeita "Igoma, Igoma, Buzuruga!", honi ya bodaboda na mtoto anayelia huzuiwa na sponji ya kwenye vikombe, siyo chipu. Hata hedifoni za bei kali zinategemea sponji hapo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "ipi nzuri?", namuuliza kwanza: unamkimbia nani? Injini au watu?

Dukani muuzaji atakuvalisha, atapandisha muziki mpaka mwisho, kisha atakuuliza, "Si unaona nje husikii?" Kwa mtindo huo hata hedifoni ya elfu tano inazima kelele. Mwambie azime muziki. Sogea kwenye jenereta, au kama umeme upo, kwenye jokofu la soda. Vaa ANC ikiwa imezimwa, sikiliza, halafu washa. Ngurumo idondoke palepale, kama mtu kafunga mlango. Ukibaki unajiuliza kama kuna kilichobadilika, hakuna. Kisha ingia mahali penye utulivu: nyingi za bei ndogo zina mchirizo wa "shhh". Mchirizo ukiwa mdogo, vumilia, ukiwa unausikia juu ya muziki wa taratibu, rudisha. Funika kikombe kwa kiganja pia. Ikipiga mluzi, imetengenezwa kwa haraka.

Upepo ni jambo la peke yake kwa sisi tunaoishi ziwani. Nina wateja wanaovuka Kamanga kila siku. Wakisimama nje kwenye kivuko, upepo unagonga kile kipaza sauti na chipu inadhani ni kelele ya kufuta, basi sikioni kunakuwa na kishindo kuliko injini yenyewe. Huko nje wanazima ANC, wakiingia kwenye gari wanawasha. Kama unanunua kwa ajili ya kivuko, pulizia kipaza sauti kwa mdomo ukiwa umeivaa, utajua.

Namba za kwenye boksi zisikutishe. "Desibeli 40", yaani kiasi cha kelele inayopunguzwa, mara nyingi ni pale kifaa kinapofanya vizuri kuliko pote, kwenye mlio wake wa bahati. Na Bluetooth 5.3 inahusu muunganisho, haikwambii lolote kuhusu ukimya. Nimefungua nyingi hapa mezani. Moja niliikuta na vitundu vitatu vya kipaza sauti nje, vimepangwa vizuri kabisa, nyuma yake plastiki tupu.

Ninachokitazama zaidi ya chipu ni sponji. Hewa ikipita, besi ya muziki inatoroka na ngurumo inaingia. Bonyeza vikombe kwa mikono: besi ikiongezeka, hazikukai sawasawa. Miwani inaleta hilo, rasta nene pia, hata hijabu iliyokunjamana. Zile ndogo za kuchomeka sikioni huja na mipira ya saizi tatu, na watu wanatupa miwili bila kuijaribu. Uliza pia kama sponji inachomoka. Joto na jasho la Mwanza hubandua ile ngozi ya bandia, na ikiwa imegundishwa umenunua kitu cha msimu mmoja. Mwisho, chomeka waya ukiwa umezima kifaa. Ikipiga, hata chaji ikiisha hujakwama.

Bei? Chini ya elfu 40 mimi silipii ANC hata kidogo, natafuta sponji nzuri. Kuanzia elfu 60 hadi laki na kitu ndipo ninapokuta za kweli, zikiwa zimechanganyika na za uongo.

Kipimo changu cha thamani ni kimoja. Panda daladala, weka sauti unayoipenda, washa ANC, kisha shusha mpaka pale unaposikia vizuri. Umeshusha hatua ngapi? Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha usalama, na anayeshindana na injini anapita hapo bila kujua. Ikinishusha hatua tatu nalipa. Isiponishusha hata moja, ni pambo la shingoni.

Kijana wa Malimbe amebaki na ENC yake ya kupigia simu. Kesho yake alirudi na muuzaji na hedifoni mbili, tukasimama kwenye jenereta ya jirani. Ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili ikakata ngurumo, muuzaji mwenyewe akaiomba aivae. Wiki hii kanipigia: besi ya baa imepotea, mwimbaji bado yupo. Anasema huyo hana shida naye, anaimba vizuri.