Programu Ghali Haikupi DVD Safi

"Dada, una ile programu ya kuhariri video ya bei kubwa? Nataka harusi yangu itoke safi." Msimu wa harusi ukiingia hapa Lamu siupiti bila kuulizwa hivyo, na vijana wanaoanza kazi ya video nao wanaamini kwamba programu ghali ndiyo inayotoa picha safi. Asiyeweza kununua anatafuta nakala iliyovunjwa, yaani ya wizi isiyolipiwa, kwenye fleshi ya rafiki.

Usafi wa picha kwenye DVD hauamuliwi na bei ya programu. DVD ya PAL, mfumo wa televisheni tunaotumia Kenya, ina nukta 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde, iliyobanwa kwa MPEG-2, njia ya kupunguza ukubwa wa video. Rekodi kwa 4K ukipenda, diski itabeba hizo hizo. Kinachoua picha ni kushindilia. Diski ya kawaida ni gigabaiti 4.7: sherehe ya saa mbili inapata kama megabiti 5 kwa kila sekunde, na picha inatulia. Ukiingiza saa nne zinabaki megabiti 2 na nusu hivi, sauti ikiwemo, na hapo watu wakianza kucheza, leso na maua ya jukwaa yanakatika vibokisi vibokisi. Lawama inaangukia programu! Gawa kazi: usiku wa hina diski yake, siku ya kupamba diski yake. Mteja akikataa mbili, tumia ya tabaka mbili, yenye gigabaiti 8.5.

Tena hiyo Premiere Pro ya Adobe, programu ghali ya kuhariri wanayoililia, haitengenezi DVD kabisa. Adobe walikuwa na Encore kwa kazi hiyo, ikaishia toleo la CS6. Kwa hiyo umelipa, na bado utarudi kwa DVDStyler, ambayo ni ya bure tangu mwanzo. Mimi nasema hariri kwa Shotcut au Kdenlive, ambazo nazo ni za bure, kisha menyu na kuchoma (kuandika video kwenye diski) uiachie DVDStyler. DaVinci Resolve ya bure, nayo ya kuhariri, ni nzuri sana, ila inataka kadi ya picha yenye nguvu. Laptopu dhaifu itakwama.

Na hizo nakala zilizovunjwa, jamani, ziacheni. Siku ya kupamba wanawake wamevua mabuibui kwa kuamini kwamba anayerekodi ni mwanamke mwenzao na picha hazitoki nje ya familia. Programu isiyojulikana imepitia kwa nani inaweza kuja na virusi vya kuiba mafaili. Amana ya watu haiwekwi hapo.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia. "Programu za bure zinaacha nembo kwenye video." Zinazofanya hivyo mara nyingi ni za kulipia zilizo kwenye majaribio. Shotcut na Kdenlive haziachi chochote.

"Nimenakili MP4 kwenye diski, tayari ni DVD." Hiyo ni diski ya data. Deki nyingi za zamani zinatafuta folda ya VIDEO_TS, zisipoiona hazichezi.

"HandBrake itanitengenezea DVD." Haitengenezi. Ni programu ya kubadilisha aina ya faili la video, na inatoa MP4, MKV au WebM tu.

"DVD ya hapa inacheza popote." Jamaa walio Marekani wengi wana deki za NTSC, mfumo wa televisheni wa kwao, na PAL huenda ikagoma. Muulize mteja nakala zinakwenda wapi kabla hujaanza, choma moja kwa kasi ndogo, na uijaribu kwenye deki kuukuu kuliko zote unayoweza kuazima mtaani. Ikicheza hapo mwanzo hadi mwisho, choma zilizobaki.