Nyumba mpya, karatasi za zamani

Dalali anakufungulia geti jeusi. Rangi bado inanuka, vigae vinang'aa, bomba la jikoni halijavuliwa nailoni. Vyumba viwili, kimoja masta, na sebule ya kutosha makochi na televisheni. Ukitoka uani unaona mbele yako nyumba kuukuu ya mwenye kiwanja, bati limeshika kutu, na mwembe unaomwaga majani pande zote mbili. Baadhi ya nyumba ndogo zinazouzwa kwenye mitaa ya zamani ya Moshi zimepatikana hivyo: kiwanja cha mzee kimemegwa nyuma. Upya wake unaishia kwenye kuta. Ukitaka kuinunua, haya ndiyo maneno utakayoyasikia, na majibu yangu.

"Nyumba iko mjini, hati haiwezi kukosekana."

Hati ipo, ila ya nani? Mara nyingi ni moja tu, ya kiwanja kizima, kwa jina la baba aliyekwisha fariki. Ukuta wa tofali ulioinuliwa katikati haugawi kiwanja. Mpaka halmashauri ikubali mgawanyo, mpimaji aweke mawe mapya ya mipaka na ramani iidhinishwe, ndipo kila kipande kipate hati yake.

Halafu kuna mirathi. Watoto watakuletea muhtasari wa kikao cha ukoo, umejaa saini za baba wadogo na mashangazi. Karatasi hiyo inapendekeza tu nani asimamie mirathi. Anayemteua msimamizi ni mahakama. Hata akishateuliwa, lazima asajiliwe kwenye hati kwanza ndipo amhamishie mnunuzi.

Niliwahi kukaribia kununua nyumba ya namna hiyo Shanty Town, hapa Moshi. (Jina hilo huwachekesha wageni: kwa Kiingereza ni mtaa wa vibanda, kwetu ndiko kwenye bustani na miti mikubwa.) Bei tulishakubaliana na watoto wa marehemu. Nikauliza, "Na dada yenu mkubwa anasemaje?" Kimya. Mdogo wao akajibu, "Yuko Mwanza, kaka, yule hana neno." Nikaomba namba yake ya simu nimsalimie tu. Wakaanza kutazamana. Nilirudi nyumbani na hela zangu.

"Mwenyekiti wa mtaa ameshuhudia, yatosha."

Mwenyekiti ni wa kuulizwa habari za majirani na ugomvi wa mipaka. Hapo hana mpinzani. Umiliki hauhami kwa mhuri wake, na ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa mitaani haina sheria nyuma yake. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, uone jina lililosajiliwa na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Muuzaji akiwa ana ndoa, mwenzake naye atoe ridhaa hata kama jina lake halimo kwenye hati: Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya familia isiuzwe kimyakimya.

"Hati ni ya milele."

Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hati hutolewa kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na mtaa ukiwa wa zamani huenda mingi imeshaliwa. Piga hesabu ya iliyobaki, kisha uliza kama pango la ardhi linalipwa.

"Mtaa wa wakubwa, maji na choo si tatizo."

Hapa wengi huumia baada ya kuhamia. Mfumo wa majitaka wa mji haufiki kila mtaa wa Moshi, kwa hiyo nyumba nyingi hutegemea shimo. Kijumba cha nyuma huenda kimeunganishwa kwenye shimo lililochimbwa kwa ajili ya familia moja. Omba mfuniko wa chemba ufunuliwe, mtu avute maji chooni, wewe uangalie yanaelekea wapi. Mita nazo uzihesabu. Mita moja ya umeme kwa nyumba mbili ni ugomvi wa kila mwezi, na tangu 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Uende pia siku ya mvua, kati ya Machi na Mei. Mji wetu umeinama kutoka mlimani, maji yanashuka kusini, na mahali uwanja mzima umefunikwa pevingi hayana pa kuzama.

"Nyumba ndogo ni aibu."

Ya matofali, si ile nyingine. Wapo waliojenga majumba kihambani, kwenye shamba la ukoo kijijini, yanayojaa watu wiki moja ya Desemba, na mjini vyumba viwili vinawatosha kabisa.

Kabla ya kulipa chochote, fuata njia ya gari kwa miguu ukiwa na ramani mkononi. Kama inapita kwenye kipande cha nyumba ya mbele, haki ya kupita iandikwe na isajiliwe, maana ahadi ya leo haitamfunga atakayeinunua kesho. Kule Shanty Town nilimuuliza dalali lile geti jeusi ni la nani. "La wote," akasema. Kwenye ramani lilikuwa la nyumba ya mbele.