Ngoma ya sikio haijapasuka: kiwambo kimetoboka

Hapa Goma, mtoto akitokwa na usaha sikioni, au mtu akipigwa kofi asisikie vizuri, jibu ni moja: "Sikio yake ilipasuka." Aliyesoma kidogo atatia Kifaransa: "Tympan ilipasuka." Hukumu nayo haichelewi: huyo ni kiziwi tayari. Neno hili limezoeleka mno, na kwa sababu yake watoto wengi hukaa na sikio bovu miaka bila kutunzwa, maana kitu kilichopasuka nani atakishona?

Maana yenyewe ni fupi. Kiwambo cha sikio ni ngozi nyembamba inayoziba mwisho wa tundu la sikio. Kwa mtu mzima kiko ndani kiasi cha sentimita 2.5 kutoka nje. Upana wake ni milimita 8 hadi 10, na unene kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Sauti ikikigonga kinatetema, na mtetemo unapitia vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, mpaka sikio la ndani. Kiwambo kilichotoboka ni kiwambo chenye tundu.

Sasa neno lenyewe. Kiwambo linatoka kwenye kuwamba, yaani kuvuta ngozi na kuikaza juu ya mzinga wa ngoma. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Basi kiwambo ni ile ngozi iliyokazwa tu. Ngoma ni kitu kizima: mzinga, ngozi, vigingi na uwazi wa ndani. Kifaransa nacho kina mkanganyiko wake. Tympan linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ngoma, na katika karne ya 16 mwanaanatomia wa Kiitaliano Gabriele Falloppio alilitumia kwa chemba ya sikio la kati, yaani ule uwazi ulio nyuma ya ngozi. Ndiyo maana mpaka leo waganga wanaoandika Kifaransa wanatenga vitu viwili: caisse du tympan, ambayo ni mzinga, na membrane tympanique, ambayo ni ngozi. Sisi tuliposikia tympan tukatafsiri "ngoma ya sikio", tukachukua jina la kitu kizima tukalibandika kwenye ngozi. Kwa hiyo mama anayeambiwa kwamba ngoma ya sikio la mwanawe imepasuka anaona mzinga umevunjika vipande. Wakati huohuo mzinga uko salama, vifupa mara nyingi viko salama, na mshipa unaopeleka sauti kwenye ubongo haujaguswa.

Kitenzi nacho kina kosa. Motari yeyote anajua tofauti ya tairi iliyotoboka na tairi iliyopasuka: ya kwanza anaziba kando ya barabara, ya pili anatupa. Karatasi ya munganga inaandika perforation, neno la Kilatini la kutoboa kupita upande wa pili. Hilo ni kutoboka hasa.

Tena vitenzi vyetu vikitumiwa vizuri vinaonyesha chanzo. Usaha ukijaa nyuma ya kiwambo, kama inavyotokea kwa watoto wenye mafua mazito, unasukuma mpaka unatoboa. Mtoto aliyelia usiku kucha ananyamaza ghafla alfajiri na mto una majimaji: maumivu yamepungua kwa sababu usaha umepata njia. Kofi la kiganja kinachofunika sikio zima linabana hewa ndani, na kiwambo kinachanika. Mara nyingi huwa la kushoto, kwa kuwa wapigaji wengi wanatumia mkono wa kuume. Kijiti cha kiberiti, ufunguo, kifuniko cha kalamu na hata vile vijiti vya pamba vinachoma moja kwa moja, hasa mtu akigongwa kiwiko wakati anajikuna. Mlipuko wa bomu ndio peke yake ambao neno kupasuka linaufaa. Huo unaweza kuumiza na sikio la ndani, kwa hiyo mwenye kizunguzungu au mlio usiokoma baada ya mlipuko asingoje.

Tundu la kofi au la kijiti mara nyingi linajiziba lenyewe ndani ya wiki chache, au miezi 2 hadi 3, sharti lisiingie maji wala dawa ya kubahatisha. Tundu ambalo usaha wake umepita siku 14 ni jambo lingine. Hilo linahitaji kukaushwa na kutiwa matone, na lisipojiziba kuna upasuaji wa kuweka kiraka, ambacho kwa kawaida huchukuliwa kwenye utando wa msuli ulio juu ya sikio lenyewe.

Uziwi unategemea ukubwa wa tundu na mahali lilipo. Tundu dogo hupunguza sauti kidogo tu, kubwa hufanya mazungumzo ya kawaida yawe kama mnong'ono. Jaribu hivi: funga mdomo, uvumishe "mmm". Kama tatizo ni kiwambo, sauti itavuma zaidi kwenye sikio lenye tundu. Ikihamia kwenye sikio lisilo na tundu, mwambie munganga upesi, maana huenda mshipa wenyewe umeguswa. Jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo, lakini linaonyesha kwamba tundu na uziwi wa mshipa si ugonjwa mmoja.

Wapo wanaoogopa kwamba maji yatapita mpaka kwenye ubongo. Yanaishia sikio la kati, na kutoka hapo kuna mrija unaoshuka kooni. Ndiyo sababu mwenye tundu akitiwa matone anasikia uchungu wa dawa kooni, na akipenga kamasi hewa inalia "fsss" sikioni. Ubaya wa maji ni vijidudu vinavyoamsha usaha. Wakati wa kuoga paka mafuta mazito ya Vaseline kwenye kipande cha pamba, kiweke mlangoni mwa sikio bila kukisukuma, ukitoe mara tu ukimaliza. Kuogelea katika ziwa Kivu kusubiri, na kupiga mbizi kusifikiriwe kabisa. Kamasi ipengwe taratibu, pua moja moja.

Sikio linalotoa usaha hukaushwa kwa utambi. Kata kitambaa safi cha pamba, kisokote kiwe na ncha laini, bila kijiti ndani. Vuta sikio la mtu mzima juu na nyuma, la mtoto mdogo nyuma na chini kidogo. Ingiza ncha, ngoja ilowe, itoe, weka mpya, mpaka itoke kavu. Fanya mara 3 kwa siku. Usiache utambi ndani. Baada ya hapo ndipo matone yanafaa, kwa sababu dawa ikidondoshwa juu ya usaha haifiki. Shika chupa mkononi dakika chache kwanza, matone ya baridi huleta kizunguzungu. Na uliza farmasi ni matone gani: yenye gentamisini au neomisini yanaweza kudhuru sikio la ndani kupitia tundu, yenye siprofloksasini ndiyo huandikwa, kwa kawaida kwa wiki 2. Mawese ya moto, maziwa ya mama, maji ya kitunguu, yote haya yasikaribie. Uvimbe nyuma ya sikio, homa kali, uso kupinda upande mmoja au usaha wenye harufu mbaya usiokoma: hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Darasani mtoto huyu akae mbele, sikio zima likimwelekea mwalimu. Barabarani sikio moja halitambui pikipiki inatokea wapi, kwa hiyo ageuze kichwa kabla ya kuvuka.

Anayesema "sikio yake ilipasuka" hana nia mbaya, ndivyo alivyolikuta. Ila ukifika santre ya afya, sema hivi: "Kiwambo cha sikio la kushoto kimetoboka tangu mwezi wa tatu, baada ya mafua, na bado kinatoa usaha." Munganga atakuwa amepata sikio lipi, tangu lini, kwa nini, na kama ni bichi au kavu, kabla hajawasha taa yake.