“Fundi, ongeza dawa ikauke jioni”

Upepo wa kusi ukishashika Paje, pwani ya Unguja, bodi za kuteleza juu ya maji huletwa kwangu juu ya pikipiki, zimepasuka, zimebonyea, zinadondosha maji ya chumvi. Na karibu kila mwenye bodi huja na neno lile lile: “Fundi, si uongeze dawa kidogo ikauke, jioni niingie majini?” Nimelijibu kwa upole kwa misimu mingi. Leo naliandika, mtu akiuliza nimtumie tu.

Wanasema: dawa ikizidi, rezini, ule utomvu wa kiwandani tunaolowesha kitambaa cha faiba, hukauka upesi na huwa ngumu zaidi.

Kwanza, rezini haikauki. Nguo ndiyo hukauka, maji yakaondoka. Rezini ya poliesta inaiva: poliesta na staireni, hiyo yenye harufu ya kuchoma pua, zinashikana mpaka zinakuwa wavu mmoja. Hadena, hiyo mnayoiita dawa, ndiyo inayoanzisha uivaji huo. Nayo hadena yenyewe ni peroksidi, na kwa joto la kawaida huvunjika taratibu mno, kwa hiyo inahitaji kichapusho cha kuisukuma. Kichapusho chetu ni kobalti, kile kimiminika cha zambarau. Rezini nyingi zinazouzwa leo zimeshatiwa kobalti kiwandani. Ule uwaridi uliofifia kwenye ndoo ndio huo. Kilichobaki kwako ni kutia hadena.

Kipimo ni asilimia 1 hadi 2 kwa uzito. Nusu kilo ya rezini kwa asilimia 1.5 inataka gramu 7.5 za hadena. Si kifuniko kimoja, si “mpaka ibadilike rangi”. Mimi natumia mizani ndogo ya sonara, na anayenicheka kwa hilo namwachia acheke.

Ukizidisha, kweli itashika upesi. Lakini minyororo ya ule wavu inakuwa mifupi, kwa sababu vianzishi, yaani vipande vya hadena iliyovunjika, vimekuwa vingi na vinazimana vyenyewe kwa vyenyewe. Halafu hadena ya chupani si peroksidi tupu. Imechanganywa na mafuta ya kuituliza, na mafuta hayo hayaendi popote, yanabaki ndani ya bodi yako. Unapata kitu kigumu juujuu, kinachovunjika kama biskuti mawimbi yakikipiga. Ukipunguza chini ya asilimia 1, nayo haiivi mpaka mwisho, hata ungoje mwezi.

Juu ya hayo kuna joto. Rezini ikiiva inatoa joto lake yenyewe. Ikiwa imetandazwa nyembamba juu ya kitambaa cha faiba, joto linapotea hewani. Ikiwa imerundikana, joto linabaki ndani, linaharakisha uivaji, uivaji unazidisha joto. Kijana mmoja aliziba shimo kubwa kando ya kisanduku cha pezi, pale pezi la bodi linapochomekwa, kwa mkupuo mmoja, hadena karibu mara mbili ya kipimo, saa saba ya mchana. Ilifuka moshi. Aliponiletea, foma ya ndani ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, rezini imenywea na kuachana na ukingo, na bisibisi yangu ilizama humo kama kwenye mkate wa kumimina. Kazi ya siku moja ikawa ya siku nne: kukata, kupachika foma mpya, kulaza faiba upya, msasa.

Kuna wanaokwenda mbele zaidi, wakapata kichupa cha kobalti kwa fundi wa boti na kuongeza humo humo juu ya ile ya kiwandani. Bodi nyeupe inachafuka rangi, na rezini inaganda kabla hujamaliza kuisambaza. Hilo ni hasara tu. La hatari ni kukutanisha kobalti na hadena zikiwa tupu, kwenye kikombe kimoja au hata kwa bomba la sindano moja. Zinaripuka. Kama rezini yako haikutiwa kobalti, kobalti inaingia kwenye rezini kwanza, inakorogwa mpaka ipotee kabisa, ndipo inafuata hadena. Chupa ya kobalti na ya hadena hazikai rafu moja kwangu, na kila moja ina kipimio chake. Na vaa miwani: tone la hadena likiingia jichoni linaweza kukupofusha, basi ni maji mengi papo hapo, dakika 15 au zaidi, ndipo hospitali.

Kinachoharakisha kwa usalama ni joto la mahali. Kila nyuzi 10 zikipanda, kasi huwa kama mara mbili. Ndiyo maana asubuhi ya Julai napima asilimia 2, na mchana wa Februari, kaskazi ikivuma, napima 1 na bado nakimbizana nayo.

Na kuna maneno mengine ninayoyasikia. “Imeshika, basi tayari.” Imeganda, haijaiva. Kuganda ni dakika 15 au 20. Kuiva kwa kweli ni siku kadhaa. Wala usiamini masalio ya kikombeni, kwa sababu yamerundikana, yamejipasha moto yenyewe na kuiva kabla ya bodi. Mimi kila kazi nalaza kipande cha faiba juu ya karatasi ya nailoni, tabaka zile zile, kivuli kile kile. Nakibonyeza ukucha kesho yake. Kikiacha alama, bodi haitoki.

“Inanata, rezini mbovu.” Rezini ya kulazia faiba hunata kwa sababu hewa huzuia uso wake kuiva, na inatakiwa inate ili tabaka linalofuata lishike. Koti la mwisho, yaani tabaka la juu la rezini, ndilo lenye nta. Nta inapanda juu, inazuia hewa, unapiga msasa. Kuongeza hadena kwa ajili ya mnato ni kutibu mguu usiouma.

“Epoksi nayo iongezee hadena.” Hapana! Kwenye epoksi, rezini ya aina nyingine, hadena ni sehemu ya jengo lenyewe. Ikiandikwa rezini 2 kwa hadena 1, ni 2 kwa 1, na ziada inabaki laini humo maisha. Ukitaka kasi nunua hadena ya haraka ya rezini ile ile.

“Rezini ni rezini.” Baadhi ya bodi za kaiti, zile zinazovutwa na tiara kubwa, zina foma nyeupe ya chembechembe, jamaa ya makasha ya samaki. Staireni ya poliesta inaiyeyusha. Mtu anamimina, shimo linakua machoni pake, anamimina tena. Hapo ni epoksi tu.

“Iweke juani.” Foma ikipata moto hewa yake inatanuka na kutoboa vijitundu kwenye koti. Paka alasiri, joto likishuka. Na anayetaka kutia asetoni iharakishe: asetoni ni ya kuoshea brashi, si ya kuchapushia kitu.

Kama kweli una haraka na ni ufa mdogo, kuna rezini inayoivishwa na mionzi ya urujuanimno ya jua: inaiva kwa dakika chache, haina cha kupima. Ikiwa imetiwa rangi nzito mwanga haufiki chini, basi paka nyembamba. Tyubu moja ninayo dukani, na kwa ufa wa kidole gumba jioni utaingia majini.