Mvua, barafu na upepo kwenye boti za mifereji ya Uingereza: yanayosemwa na ukweli wake

Uingereza kuna watu wanaoishi mwaka mzima ndani ya boti za chuma zenye upana wa mita 2.1 tu, ingawa urefu unaweza kufika mita 21. Wembamba huo ni ili zipite kwenye malango ya maji, yaani vyumba vya kupandisha na kushusha boti, ya mifereji ya zamani. Baridi ikianza, jamaa wa nchi kavu huwaonea huruma, lakini mara nyingi huruma yenyewe huenda sipo.

"Humo ndani lazima mnaganda." Hapana. Chumba ni chembamba, dari iko chini, kuta zina povu la kuzuia baridi. Jiko dogo la kuni au makaa ya mawe likishika moto, watu hubaki na fulana. Kinachosumbua ni unyevu. Chungu kinachochemka, pumzi za usiku, taulo moja iliyoanikwa: mvuke wote huo hugeuka matone kwenye vioo vya madirisha, hutiririka hadi nyuma ya godoro, na ukungu mweusi unaota.

Mgeni naye hukimbilia kuziba matundu ya hewa ili joto lisitoke. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Jiko lililokosa hewa, au lenye bomba la moshi lililojaa masizi, hujaza chumba kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Tangu Aprili 2019, ukaguzi wa usalama unadai king'ora cha gesi hiyo kwenye boti zenye sehemu ya kulala. Hata bila sheria, nani angelala bila nacho?

"Upepo utaipindua." Mfereji hauna mawimbi ya kupindua boti hizi. Taabu iko safarini: ubavu ni mrefu, mwendo ni wa kutembea kwa miguu, basi dhoruba huisukuma hadi ukingo wa pili, na hapo ni kuhangaika na pondo. Wazoefu huahirisha safari.

"Mafuriko si neno, boti si inaelea?" Inategemea umefunga wapi. Mfereji wa kuchimbwa una njia za kumwaga maji ya ziada. Mto ni habari nyingine. Kwenye Thames, vibao vyekundu vikiwekwa malangoni, maana yake mkondo ni mkali, usiondoke. Na ukikaa, kamba zinataka kuangaliwa hata usiku wa manane. Zikiwa fupi, maji hupanda huku boti imeshikiliwa upande mmoja, ikalala na kuingiza maji. Zikilegea mno, boti huelea juu ya ukingo, maji yakipungua inabaki imekaa nchi kavu.

"Barafu itaipasua." Ubavu wa chuma wa milimita 6 hauogopi barafu ya kawaida, kinachopasuka ni mabomba na pampu ya maji. Lakini kulazimisha safari kwenye barafu hukwangua rangi ya lami inayozuia kutu, na mapande yake huenda kugonga boti za jirani za mbao au faiba. Wapo wanaong'oa kamba hivyo hivyo kwa sababu, wasipokuwa na maegesho ya kudumu, sheria ya mifereji ya 1995 haitaki wakae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Sheria hiyo hiyo inaruhusu muda zaidi hali ikilazimu. Wapigie simu wasimamizi wa mfereji, toa taarifa, ongeza kuni jikoni.