Jipu la mtoto usilimalize kwa dawa ya maji

Msimu wa maembe ukiingia hapa Mombasa, kila mtoto akitoka jipu embe ndilo linalosingiziwa, na kama si embe basi "ameumwa na mdudu usiku". Mimi nafanya kazi maabara upande wa bakteria na usaha unaoletwa kwangu mara nyingi ukiotesha unapata stafilokoka, bakteria ambaye karibu mtu mmoja kati ya watatu yuko naye puani na wala haumwi. Joto hili letu na jasho, mtoto ajikuna, ngozi yachubuka kidogo, taulo moja watumia ndugu wanne, basi.

Shida ni ile safari ya duka la dawa. Mama anapewa amoksilini ya maji, siku tatu jipu liko palepale, anabadilishiwa flukloksasilini, halafu sefaleksini. Sasa skiza, stafilokoka wengi wana kimeng'enya cha kuivunja amoksilini, hiyo hata sijui kwa nini bado yatolewa kwa jipu. Na akiwa ni MRSA, yaani stafilokoka sugu, ndio balaa zaidi manake ana jeni inaitwa mecA inayombadilishia ile protini ya kujengea ukuta wake, kwa hivyo jamii nzima ya penisilini (amoksilini na flukloksasilini zimo) na karibu sefalosporini zote, ndugu za sefaleksini, hazimshiki, umebadilisha chupa tu.

Kwenye sahani ya maabara ya kuoteshea bakteria mambo yako wazi kabisa. Nikiweka kikaratasi chenye dawa ya sefoksitini, mdudu wa kawaida anakaa mbali na kuacha duara safi, lakini MRSA anaota mpaka ukingoni mwa kikaratasi, rangi yake ya dhahabu dhahabu hivi.

Zamani huyu alikuwa wa mahospitalini, Uingereza walimtambua 1961. Baadaye Marekani akaanza kuonekana kwa watoto wasiowahi hata kulazwa, na 1999 ikatangazwa wanne wamekufa huko Minnesota na North Dakota, wa kwanza msichana wa miaka 7 aliyeanzishiwa dawa ya jamii hiyohiyo isiyomgusa.

Kinachotibu jipu lililoiva ni kupasuliwa na daktari usaha utoke. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017, wa majipu madogo, waliopasuliwa wakapewa dawa ya uongo, isiyo na kitu ndani, walipona kama 69 kwa 100, walioongezewa klindamaisini ama ile Septrin ya kawaida wakafika 80 na kitu. Kwa hivyo wakishapasua waambie usaha usitupwe, uletwe maabara, tukwambie dawa gani yamweza kabla hujanunua chupa ya nne.

Akiwa na homa, wekundu unatambaa, anachechemea ama anahema kwa shida, ama ni mtoto mchanga, hapo usingoje majibu yangu, hospitali siku hiyohiyo. Na jipu la karibu na pua usilifinye, hata kama bibi yake asema limeiva.