Mgonjwa wa figo, mwaga maji ya viazi

Kila Machi, Siku ya Figo Duniani inapokaribia (huwa Alhamisi ya pili ya mwezi), sisi wa lishe katika kliniki ya figo hapa Mbeya huulizwa lile lile: "Dokta, parachichi si linashusha presha?" Kwa mwenye figo nzima, linasaidia. Lakini parachichi, ndizi za Tukuyu, viazi mviringo na maharage vina potasiamu nyingi (aina ya madini), na figo zilizochoka hushindwa kuitoa. Ikizidi kwenye damu mapigo ya moyo huvurugika, pengine bila dalili ya kukushtua. Losartan na enalapril, dawa za presha ambazo wengi wenu mnameza, nazo hupandisha potasiamu.

Hatusemi kila mgonjwa aache vyakula hivyo. Kinachoamua ni kipimo cha damu, na cha jirani si chako. Ukiambiwa potasiamu iko juu na viazi huwezi kuviacha, menya, kata vipande vyembamba, loweka, chemsha kwa maji mengi, kisha yamwage. Usiyarudishe kwenye mchuzi! Ukivichoma, potasiamu yote inabaki humo.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na samaki wa chumvi. Magadi mnayotia kwenye maharage yana sodiamu ile ile iliyomo kwenye chumvi. Hili wengi hubisha. Na "chumvi ya wenye presha" ya dukani mara nyingi ni potasiamu.

Siku ya kliniki njoo na kadi, daftari la presha na dawa zote kwenye pakiti zake, hata za miti shamba, hata ile diklofenaki uliyojinunulia kwa ajili ya mgongo, ambayo inaumiza figo. Nusu saa kabla ya kupimwa presha usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Utakaa kimya dakika 5, umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo. Tutapima mara mbili. Kwa wengi tunalenga chini ya 130/80.

Dawa umeze asubuhi hiyo kama kawaida. Wapo wanaokuja hawajameza "ili mpime presha yenyewe". Hapo hatuwezi kujua kama dozi inatosha. Unapangiwa tarehe nyingine, na nauli ya kutoka Mbarali imekwenda bure. Daftari nalo lijazwe siku kwa siku. Lenye 120/80 wiki 2 mfululizo, kalamu moja, mwandiko wa kukimbia, tunajua limejazwa kwenye daladala.